Wimbo Ambao Mama Alisema Ameusahau

Niliiangalia mara kumi na moja kabla sijaandika neno. Mara ya kumi na mbili nikachukua daftari, nikachonga penseli, nikagawa ukurasa safu nne: sekunde, picha, sauti, na ya mwisho nikaiita "Funzo". Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sebuleni kwangu Shirimatunda. Miwani ilikuwa imeshuka puani na kidole kilikuwa kikisimamisha na kuachia video ya wimbo iliyotengenezwa na wanafunzi. Mtu angenikuta angedhani nasahihisha mitihani ya watu niliokwisha kuamua kuwafelisha.

Mke wangu alipita na beseni la nguo. "Bado unamtazama huyo mtoto?"

"Natafuta hamasa," nikamjibu.

"Hamasa gani hiyo inamkunja mtu uso?"

Huyo mtoto ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, na yuko mwaka wa pili chuoni. Darasa lao lilipewa zoezi: watu wanne, wimbo mmoja, video moja, wiki mbili, vifaa wajitafutie. Wakatumia simu. Wakapanda Kilema nyumbani kwa mama yangu, wakalala siku mbili, wakashuka na dakika tatu na nusu za kazi. Dada akaitupa kwenye kundi la familia, na chini yake akaniandikia mbele ya ukoo mzima: "Kaka, iangalie hii vizuri. Labda itakuamsha umalize kile kitabu."

Kile kitabu ni mkusanyo wa insha kuhusu nyumbani. Nina sura tano. Sura ya sita ina kichwa cha habari, ina nukuu mbili za wataalamu, na katikati yake ina shimo. Shimo hilo ni wimbo. Niliusikia mara moja tu, likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu. Nilikuwa nimeketi barazani na kitabu, na wanawake walikuwa wakipanda kutoka korongoni na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, wakiimba kwa zamu, sauti ya mama ikitangulia. Walipokaribia lango letu wakanyamaza wote. Sikuyashika maneno, ila sauti ile ilinikaa, na ule ukimya ukanikaa zaidi. Nimeshaandika aya mbili juu ya ukimya huo. Nimeuita staha.

Kwa miaka sita nimemwomba mama aniimbie wimbo ule. Nimeenda na daftari, nikaenda na kinasa sauti, mara moja nikaenda hadi na rafiki yangu mwalimu wa muziki. Kila mara mama amenitazama kwa huruma na kusema, "Nimesahau." Nikaamini. Mama ana miaka sabini na kitu, nami husahau funguo zikiwa mkononi.

Turudi kwenye daftari. Kwa sekunde hamsini za mwanzo nilikuwa mtu mwenye furaha. Kijana mmoja amesimama kihambani, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, amevaa miwani ya jua mahali ambapo jua halijafika tangu babu yangu apande mgomba wa kwanza. Anaghani kuhusu gari ambalo hana na mpenzi ambaye, kwa jinsi anavyomwelezea, naye hayupo. Nikaandika: "Uongo wa mazingira." Halafu picha ya mti wa kahawa wenye maua meupe, na papo hapo picha ya buni nyekundu. Maua na buni mbivu ndani ya siku mbili! Nikapigia mstari mara tatu. Nikaandika: "Hawajui kahawa."

Sekunde ya hamsini na nane video inabadilika, na ndipo mkono wangu ulipopunguza mwendo.

Picha inatazama chini kutoka juu, kupitia majani. Njia nyembamba inapanda. Mbele kuna mgongo wa mwanamke mzee, khanga kiunoni, mzigo kichwani. Picha nzima inayumba taratibu, kulia, kushoto, kama kitu kinachopumua. Ngoma ya yule kijana inakatika. Inabaki pumzi, miguu, na sauti ya mama yangu.

Mama anaimba. Anaimba wimbo ule. Ubeti mzima, kwa Kichagga, bila kuukosea popote. Kisha zile ngoma zinarudi chini ya sauti yake, na ndicho kinakuwa kiitikio.

Kichagga changu ni cha mtu aliyepelekwa bweni mapema, lakini ubeti ule niliuelewa wote. Kwa Kiswahili unakwenda hivi: *Amekuja, amekuja, tandikeni majani ya mgomba, unyayo wake usiguse udongo.* Katika safu ya sauti nikaandika: "Imechujwa makusudi ili kuleta athari ya umbali." Katika safu ya picha nikaandika: "Droni, imeshushwa chini sana. Wameazima wapi?" Safu ya funzo niliiacha wazi. Nilichojifunza nisingeweza kukiandika kwenye daftari ambalo mke wangu hufungua akitafuta karatasi ya kuandikia mahitaji ya sokoni.

Nilikuwa na wivu. Sisemi ule wivu wa kistaarabu ambao watu wa vitabu huuita kuvutiwa. Nasema wivu wa kukaa kifuani kama kiazi kilichomezwa kizima. Kaka yangu aliyeko Dar, ambaye vitabu vyangu vyote viwili alivijibu kwa neno moja, "Nimeipokea", alikuwa ameandika kwenye kundi sentensi tatu kamili, ya mwisho ikiwa: "Hapa kuna kipaji, tukilee." Wajukuu walikuwa wanatuma vikatuni vya watu wanaocheza. Na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba bibi yao, ambaye tulishampiga marufuku kubeba majani na tukamtafutia mtu wa kumkatia, alikuwa amebeba majani.

Mchana ule nilifanya nilichofundishwa kufanya nikiumia: nilichambua. Niliandika kurasa tatu juu ya ubeti mmoja. Mgeni mtukufu anayetandikiwa majani. Mwangwi wa Jumapili ya Matawi. Namna misheni ya Kilema ilivyoingia katika nyimbo za kazi za wanawake, hata mzigo wa majani ya ng'ombe ukawa maandamano ya ibada. Zilikuwa kurasa nzuri. Nilizisoma kwa sauti. Kisha nikampigia mpwa wangu, kwa sababu ubeti mmoja haujazi shimo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeiangalia kazi yenu."

"Mara ngapi?"

"Moja. Mbili." Nikakohoa. "Kuna makosa madogo. Ile kahawa, huwezi kuweka maua na buni mbivu pamoja."

"Ni mti mmoja huohuo, mjomba. Ule wa karibu na banda. Mvua zimechanganyikiwa, na mti nao umechanganyikiwa. Nenda kauone."

Nikaliruka hilo. "Na ile droni mliazima wapi?"

"Droni?" Alicheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. "Anasema droni! Mjomba, droni tuitoe wapi? Simu niliifunga ndani ya mzigo wa majani, nikajitwika."

"Wewe?"

"Sasa abebe nani? Bibi alikuwa na wake."

"Bibi amekatazwa kubeba."

"Mwambie wewe. Mimi nilimwambia, akanikabidhi mundu."

Nikafuta neno "droni" taratibu, kana kwamba angelisikia likifutika. Halafu nikauliza nilichopigia. "Ulimwombaje akuimbie?"

"Sikumwomba. Tulikuwa tunapanda kutoka korongoni, shingo inauma, mimi nalia kabisa, machozi. Bibi hakugeuka hata kidogo, akaanza tu kuimba ili nitembee. Hata sikujua simu inachukua sauti. Tumekuja kuisikia mjini."

Miaka sita ya daftari, kinasa sauti na mwalimu wa muziki. Yeye alilia njiani.

"Nimesikia ubeti mmoja," nikasema. "Bila shaka uko mwingine."

Akasema mtandao unakatakata.

"Upo wa pili?"

"Upo."

"Nitumie basi."

"Mjomba, huo... huo muulize bibi."

"Kwa nini?"

"Muulize tu bibi. Plizi. Mimi mwenyewe nasubiri."

Anasubiri nini hakusema, akakata simu akisingizia kipindi. Siku ya Jumamosi, saa kumi jioni!

Kesho yake nilipanda Kilema. Mama alikuwa ametoka misa ya kwanza, amekwisha kubadili nguo, anapepeta maharage uani. Kabla sijamsalimia nilipita kwanza karibu na banda. Mti ule wa kahawa ulikuwa na maua, na ulikuwa na buni nyekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na salamu au umekuja na njaa?"

"Vyote."

Akanikalisha kwenye kochi, kama anavyonikalisha siku zote, akaniletea kiburu cha moto, ndizi zimepondeka vizuri na maharage, na yeye akaketi kigodani mlangoni. Nikala vijiko viwili vya heshima. Kisha nikamwambia nimeisikia sauti yake kwenye simu.

"Hata padri ameisikia," akasema. Hakuonekana kujuta.

"Mama, uliniambia umesahau."

"Nilisahau."

"Lakini umemwimbia mtoto."

"Sikumwimbia mtoto. Niliuimbia mzigo."

Nikaweka sahani chini. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nina shahada, na nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtoto aliyenyimwa nyama: "Mimi nimekuomba miaka sita."

Mama akaanza kunieleza, polepole, kama anavyowaeleza watu wa ofisini. Nyimbo zile za majani, alisema, zilikuwa za kuwasema watu. Jina halitajwi, lakini kijiji kizima kinajua. Mwanamume mvivu aliimbwa, mwanamke mchoyo aliimbwa, katekista mmoja aliimbwa mpaka akahamia Kirua Vunjo. Aliyeimbwa akiona imemzidi, alikuwa na njia moja: kuwapelekea wakata majani mtungi wa mbege. Wakishakunywa, wimbo umesahaulika. Anayeuimba tena amekunywa pombe ya mtu bure, na hilo lilikuwa aibu kuliko uvivu.

"Kwa hiyo huu ulinunuliwa," nikasema, na kalamu ilikuwa tayari mkononi, kwa maana mambo kama hayo huwezi kuyapata maktaba. "Nani alileta mbege?"

"Baba yako."

"Baba aliimbwa?"

Mama akainuka. "Siwezi kuimba nimekaa. Njoo."

Nikamfuata bandani. Alichukua majani kwa mikono miwili akawa anawatupia ng'ombe, na kwa mwendo ule wa kuinama na kutupa akaimba ubeti wa kwanza, kisha wa pili, kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

*Mpeni kiti akae, mpeni na kitabu chake. Ng'ombe akilia, muulizeni kitabu kinasemaje.*

Sikuhitaji ubeti wa tatu. Ghafla nilikumbuka yote, na nilishangaa niliwezaje kusahau bila kupewa hata tone la mbege.

Likizo ile ya kwanza nilirudi na viatu vya ngozi, vyeusi, vya kwanza maishani mwangu ambavyo havikuvaliwa na mtu kabla yangu. Ilikuwa masika. Kutoka langoni hadi mlangoni kwetu palikuwa na tope la kufika kwenye vifundo. Nilivua koti, nikachukua panga, nikaingia kihambani nikakata majani ya migomba, nikayatandika njia nzima, langoni hadi mlangoni, nikapita juu yake kama askofu. Migomba ilikuwa ya mama. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba na migomba ya mama, na hakuna mwanamume aliyekata jani bila kumwambia mwenyewe. Na majani yale yalikuwa chakula cha ng'ombe cha wiki ile.

"Migomba saba," mama akasema, akiendelea kutupa majani. "Michare, ya ndizi za kupika. Uliiacha uchi kama vijiti."

Halafu ng'ombe. Katikati ya wiki ileile ng'ombe wetu alijaa gesi, ubavu wa kushoto ukatuna kama ngoma. Mama na baba hawakuwepo. Nilisikia mnyama analia, nikafanya ambacho msomi yeyote angefanya: nilikimbilia ndani kutafuta kijitabu cha baba cha ufugaji, nikarudi nikasimama bandani nikisoma kwa sauti ukurasa wa wanyama wacheuao. Niliusoma vizuri, na matamshi. Jirani yetu mwanamke alisikia sauti akafikiri ni ibada ya wagonjwa. Alipofika aliniondoa kwa kiwiko, akamfunga ng'ombe kijiti mdomoni kama lijamu, akamtembeza uani mpaka akacheua. Alikuwa mmoja wa wakata majani. Wimbo ulikuwa tayari kabla ya jioni.

Kwa hiyo majani yaliyotandikwa hayakuwa taswira. Jumapili ya Matawi haikuhusika. Na wanawake wale hawakunyamaza langoni kwa staha. Walinyamaza kwa sababu mwenye wimbo alikuwa ameketi barazani, anasoma.

"Baba alisemaje alipoleta mtungi?" nikauliza.

"Aliuleta mwenyewe, hakumtuma mtu. Alisema, 'Mwacheni, anasoma.' Basi. Tukanywa, tukaacha."

Ilibidi nimtazame ng'ombe kwa muda.

"Sasa mbona umeuimba tena?"

"Baba yako amekufa. Ile mbege imeshatoka tumboni zamani. Niliokunywa nao tumebaki watatu. Na yule mtoto alikuwa analia njiani na mzigo." Akajipangusa mikono kwenye khanga. "Lakini huo wa pili nimemkatalia kuutoa. Anataka kuuweka wote, kwenye video ndefu ya mtihani wao. Nimemwambia mwenye wimbo yupo hai. Ukitaka, leta mbege. Nitawaita wale wawili, tunywe, tusahau. Na yeye ataufuta."

Nakiri kwamba nilisimama pale bandani nikapiga hesabu mbaya. Mtungi wa mbege ningeupata kabla ya saa sita, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Kwa mtungi mmoja, kwa mila safi kabisa ambayo hakuna mhadhiri angeweza kuipinga, ningeinyang'anya ile video ubeti wake bora. Haikuwa aibu ya viatu iliyonisukuma. Aibu hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, imeshakuwa laini. Kilichonisukuma ni kwamba mstari ule wa ng'ombe na kitabu ulikuwa mzuri, na ungetoka kwake kabla ya kutoka kwangu.

Lakini mama yangu hafungi mlango nusu. Wimbo ukisahaulika, umesahaulika kwa wote. Na mimi nisingeuandika. Sura ya sita ingebaki na shimo lake, na safari hii ningejua ukubwa wake. Ama usiwe wa mtu, ama uwe wa binti wa dada yangu kwanza na wangu baadaye, nikija nyuma na kalamu kama mtu anayefika msibani watu wakiwa wamekwisha kula. Nilitafuta njia ya tatu. Nilimuuliza mama kama haiwezekani mtoto asubiri mpaka kitabu kitoke.

"Kinatoka lini?"

Nikaokota jani lililoanguka, nikamtupia ng'ombe.

Niliusema ule mstari tena kimoyomoyo. Kwa miaka ishirini nimeandika kuhusu mimi mwenyewe, kwa kejeli, nikijiona mjuzi wa kujicheka. Wanawake watano wenye mizigo kichwani walikuwa wamenimaliza kwa sentensi moja, wakipanda mlima.

"Sileti," nikasema.

Mama akanitazama kama mtu aliyepunjwa. "Hata kidogo?"

"Mama, si ndiyo nakubali uimbwe?"

"Nimekuelewa. Lakini nilidhani leo nitakunywa." Akatikisa kichwa. "Bahili kama babu yako."

Nilimpigia mpwa wangu kutoka palepale uani. Nikamwambia auweke wote. Alipiga kelele, akasema asante mjomba mara nyingi, halafu akauliza kwa tahadhari kama nina uhakika, na hilo la mwisho liliniudhi kidogo, maana lilikuwa jema. Nikamwomba kitu kimoja: mwishoni mwa video, jina langu liandikwe kwa cheo cha "Mshauri wa Utunzi". Akasema atawauliza wenzake. Wenzake walikataa. Waliandika "Shukrani kwa mjomba".

Zile kurasa tatu za Jumapili ya Matawi nilizichana, na aya mbili za staha nikazifuta. Sura ya sita inaanza upya, na ubeti wa pili nimeuandika pamoja na chanzo chake: video ya wanafunzi. Mkono ulisita kwenye tanbihi hiyo kwa siku mbili.

Video ndefu ilipotoka, dada aliituma kwenye kundi asubuhi. Watu wakacheka, wakashangilia, wakatuma vikatuni. Karibu na saa nne kaka yangu wa Dar akauliza: "Huyo anayeulizwa kitabu kinasemaje ni nani?"

Nikaandika jibu la aya nne, lenye historia ya nyimbo za kazi, nafasi ya mbege katika upatanisho, na maelezo mafupi ya maradhi ya wanyama wacheuao. Nikalisoma. Nikalifuta lote, nikaandika: "Ni mimi."

Nilipata majibu thelathini na nane, hayo ni mengi kuliko yote niliyowahi kupata kwa kitu chochote nilichoandika. Mpwa wangu alipata mia moja na kumi na mbili. Nilihesabu mara mbili.